Migongo Niliyoichora Kang'ata

Mmeniuliza, wajukuu zangu, mbona katika kitabu changu cha picha watu wote wanaonekana kwa nyuma. Kijana mmoja wa kikundi chenu cha wachoraji pale Korogwe, yule mwenye kofia iliyogeuzwa, aliniambia kwa adabu: "Bibi, hapa umemchora mama yako anatwanga, safi kabisa, lakini sura hatuioni. Msomaji atampendaje mtu asiyemwona usoni?" Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi, kwa kuwa jibu lake ni refu na meno yangu ni machache.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia macho mpaka umri huu, na mkono ambao hautetemeki sana asubuhi, kabla jua halijapanda. Kazi yangu ilikuwa kuchora mabango ya elimu ya watu wazima, tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu. Ninyi mnachora katuni kwenye simu, mkikosea mnafuta kwa kidole. Sisi tulichora kwenye karatasi ya manila, na karatasi ilikuja kutoka mbali. Ukikosea mguu wa mtu, unamgeuza kuwa mwenye suruali pana. Nimewavisha watu wengi suruali pana kwa namna hiyo.

Nitaanza na migongo yenyewe, maana ndiyo niliyoijua zaidi. Mtu akiwa na hasira, usihangaike na nyusi zake. Tazama mabega yamepanda, na kama ni mama, fundo la kanga kiunoni limekazwa. Aliyechoka hulaza jembe begani na kuining'iniza mikono yote miwili juu ya mpini. Mwenye furaha, kisigino kimoja hakigusi chini. Mtoto mwenye njaa alinisumbua sana, mpaka siku moja nikamwona wa kweli jikoni kwa shangazi: alisimama karibu na chungu, mguu mmoja juu ya mwingine, kimya. Nilimchora hivyo, na akina mama wa Mashewa walipoiona picha ile walisema kwa pamoja, "Mpeni chakula huyo mtoto."

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Bwana Elieza, Mkristo wa Bungu, mtu mrefu aliyevaa koti zito la baridi ya milimani hata Korogwe kwenye joto. Ukimuuliza, anakujibu kwamba mlima unaweza kumwita wakati wowote na hataki kukutwa hana koti. Kila asubuhi katika chumba chetu cha vielelezo yeye alifumba macho kidogo, mimi nikasema Bismillahi, ndipo tukafungua wino. Sikumbuki hata siku moja tuliyogombania nani aanze.

Tulikosea mengi, mimi naye. Tuliwahi kuchora bango la kufunika mtungi wa maji. Kuokoa nafasi tukachora mkono tu, umeshika kifuniko. Bibi mmoja kule Mashewa akaliangalia kwa muda mrefu.

"Mwenye mkono huu yuko wapi?"

"Hajachorwa, bibi," nikasema.

"Amekufa?"

"Hajafa. Yupo nje ya karatasi."

"Basi mwambieni aingie ndani. Mimi sijifunzi usafi kwa mtu aliyekatwa mkono."

Tangu siku hiyo kila mkono wangu una mwenyewe. Na mabango tuliyabandika kwa uji wa muhogo, kwani gundi ya dukani haikuwepo. Mbuzi wa Mashewa walikula somo zima la lishe bora, wakabakiza kona moja iliyokuwa na msumari. Bwana Elieza alitazama ile kona, akasema, "Angalau wapo walioelewa." Tukaanza kutwanga pilipili kichaa ndani ya uji. Mbuzi wakaacha. Kama mtajaribu, msijipanguse macho.

Sasa nirudi nyuma, nijibu swali.

Tulikaa mwendo wa asubuhi moja kutoka Kang'ata, nyumba yetu peke yake, na majirani wako ng'ambo ya mashamba. Baba yangu, Mwalimu Saidi, aliwafundisha watoto Kurani barazani kwetu. Waliandika kwenye vibao vya mbao kwa kalamu ya tete, na wino aliutengeneza mwenyewe kwa masizi ya chungu na utomvu. Wino wa kwanza kuushika maishani mwangu ulikuwa wa baba. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchonga kalamu, kuushika mkono usikimbie, na kungoja mstari ukauke kabla ya kuandika mwingine. Alikuwa mpole. Fimbo yake ilikaa juu ya mwamba wa paa mpaka ikaliwa na mchwa.

Siku ya Uhuru nilikuwa mtoto wa kutumwa maji kwa kibuyu kidogo. Mama alichinjiwa jogoo, akapika wali, na mimi nikaamua kuchora bendera kwenye ukuta wa jikoni. Kijani nilikitoa kwenye majani ya kisamvu, njano kwenye bizari, nyeusi ilikuwepo tele chini ya chungu. (Miaka michache baadaye, Muungano ulipokuja na bendera ikaongezwa bluu, nilimlilia mama anipe bluu yake ya kufulia kanzu za baba. Alinipa, na kanzu zilikaa njano njano mwezi mzima.) Chini ya bendera nikamchora mtu ameishika. Nikamtia macho mawili makubwa na meno, maana siku ile kila mtu alikuwa anacheka.

Baba alitoka kusali, akasimama mbele ya ukuta. Akalowesha kiganja kwenye maji ya udhu, akaifuta sura ya yule mtu polepole, akiangalia asiiguse bendera.

"Bendera ibaki," akasema. "Nzuri. Lakini huyu umemtia macho. Siku ya kiama utaambiwa umpe na roho, mwanangu, nawe utaitoa wapi?"

Wapo masheikh wanaolegeza jambo hili, wapo wanaolikaza, na mimi si wa kuamua kati yao. Baba yangu aliamini hivyo, na aliniambia akiwa ameinama, mkono wake uliolowa juu ya kichwa changu. Sikuogopa. Niliona huruma tu, kwamba alikuwa ananihofia.

Nilipokuwa msichana mkubwa, yalikuja madarasa ya kisomo. Nami, kwa kuwa nilimaliza shule, nikawa najitolea kuwafundisha akina mama, na nikachora majembe na vyungu ubaoni ili wakumbuke maneno. Ndipo Bwana Elieza aliponiona, akaja nyumbani na koti lake.

"Mzee," alimwambia baba, "tunamwomba binti yako aje Korogwe atuchoree picha za kusomeshea watu wazima."

"Picha za nini?"

"Jembe, chungu, mahindi, watu wakilima."

"Watu?"

"Watu, mzee. Jembe halilimi peke yake."

Baba akatabasamu. Alisali alasiri, akakaa juu ya mkeka wake mpaka kivuli cha nyumba kikamfika. Kisha akaniita.

"Zaina, utakwenda. Utakaa kwa shangazi yako. Sura ya mtu usichore. Usimtie mtu macho wala mdomo. Hiyo ni ruhusa, nimekupa. Radhi bado. Radhi nitaitazama moyoni mwangu, nione kazi hii inakupeleka wapi."

Labda siku hizi maneno haya mawili mnayachanganya. Ruhusa ya mzazi ilinitoa mlangoni. Radhi yake ndiyo niliyotaka niwe nayo kila ninapofungua wino, niwe nayo nikiolewa, niwe nayo nikizikwa. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi nikiwa na moja bila ya pili. Nilipokuja likizo sikuthubutu kumuuliza. Nilichokuwa nakiona ni kwamba kila alipopita mbele ya bango langu, baba aliinamisha macho, akapita kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Hakuwa ananidharau. Hakutaka kutazama picha ya mtu, basi. Lakini mimi nilijiuliza, ataridhia vipi kazi ambayo hawezi hata kuitazama?

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini, ile operesheni ya serikali ya kuwatoa watu mashambani wakae pamoja.

Katika kitabu changu siku hiyo nimeipa ukurasa mzima. Nilikuwa nyumbani. Lori lilifika, vijana wa kijiji wakaanza kupakia vyungu, magunia, vitanda vya kamba. Mama alipanda na kuku wake kwapani. Baba hakuonekana. Nilipozunguka nyumba nikamkuta anafagia baraza, anafagia kona zote, kama siku ya Idi.

Mama alimwita kutoka juu ya lori. "Mume wangu, unamfagilia nani?"

Aliuweka ufagio mahali pake, akajitwika vibao vya wanafunzi, akapanda. Kijana wa kofia, nikimchora baba siku hiyo kwa mbele, ningekuonyesha nini zaidi ya mgongo ule ulioinama na ufagio?

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi, wala sitawadanganya kwamba yote yalikuwa mabaya. Tulipewa kiwanja pale Kang'ata, kilichowekewa vijiti, tukalala kwenye kibanda cha nyasi, na mvua ya kwanza ilitukuta humo. Mama alikohoa masika nzima. Kisima tulichoahidiwa kilikuwa bado ni ardhi kavu. Lakini pia watoto waliokuwa wakikua bila shule walianza shule, na jioni nilisikia akina mama wakisalimiana nyumba kwa nyumba, jambo ambalo mama yangu alikuwa hajawahi kulipata. Nimeishi kuyaona yote mawili, na yote mawili nimeyachora.

Nilirudi kazini. Haukupita muda, tukaagizwa kuchora bango la kueleza uhamiaji ule kwa watu wasiojua kusoma. Visanduku vinne kwa mstari mmoja. Cha kwanza, nyumba iliyo peke yake shambani. Cha pili, lori limebeba watu. Cha tatu, watu wameshika miti ya kujengea. Cha nne, kijiji chenye shule, zahanati na kisima.

Kwa ile nyumba ya kwanza sikuhitaji kufikiri. Nilichora ya kwetu: mlimau, baraza, mkeka wa baba umekunjwa kidogo kwenye kona kama alivyouacha. Lori nililichora kwa nyuma, kwani ningelichora kwa mbele dereva angekuwa na sura. Walioshika miti nao walinigeuzia migongo. Bwana Elieza akalipitishia kidole bango kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Hata ng'ombe ataelewa." Likapelekwa Kang'ata na kwingineko, likabandikwa kwenye stoo za vijiji.

Baada ya muda, dereva wa lori la mahindi akatuletea habari ofisini.

"Hongereni. Bango lenu limefanya kazi. Watu wanahama."

Bwana Elieza akasimama kwa furaha. "Wanahamia kijijini?"

"Wanahama kijijini. Wanafunga mizigo warudi mashambani kwao."

Tulipanda lori hilo hilo usiku ule, asubuhi tukafika. Kang'ata tulimkuta katibu wa kijiji amesimama mbele ya stoo, kofia mkononi, anatazama bango langu kama mtu anayetazama mgonjwa. Alikuwa bado kijana, na hofu ilimkaa usoni.

"Ijumaa wazee walitoka kusali wakaja hapa," alituambia. "Wakatazama, wakapeana mikono, wakamshukuru Mungu. Nikafikiri wameelewa. Leo asubuhi nyumba kadhaa zimefunga mizigo, zimeondoka. Wanasema serikali imewarudisha."

Pembeni alikaa mzee mmoja mwenye mguu mbovu, aliyeshindwa kufuatana na wenzake. Nilimwamkia, nikamwomba anisomee bango. Akainuka kwa fimbo yake, akaweka kidole kwenye kisanduku cha kulia kabisa.

"Hapa tupo kijijini. Hiki ni kisima, sijui ni cha wapi." Kidole kikasogea kushoto. "Hapa tunang'oa miti ya nyumba. Hapa tumepanda lori. Na hapa tumefika kwetu, alhamdulillahi." Akanigeukia. "Umechora vizuri, binti. Hiyo si nyumba ya Mwalimu Saidi?"

Bwana Elieza alivua koti. Sikuwahi kumwona akilivua kabla ya hapo.

Mnaelewa lililotokea? Wazee wetu wote walisoma chuoni, kwenye Kurani. Hawakujua herufi za shule, lakini maandishi waliyajua, na maandishi yao yanaanzia kulia. Bwana Elieza alisoma misheni, macho yake yalianza kushoto bila kuuliza. Na mimi niliyejua njia zote mbili, niliyeshika kalamu ya tete kabla ya penseli, sikufikiri hata mara moja. Lori lilikuwa kwa nyuma, huwezi kujua linakwenda au linarudi. Aliyeshika mti hajulikani anausimamisha au anaung'oa. Wala hakuna uso wa kumwambia mtazamaji hapa tunafurahi, hapa tunahuzunika.

Katibu akanitazama. "Dada Zaina, unajua jambo hili linaweza kuitwa nini huko juu?"

"Sijui, Bwana Katibu."

"Na mimi sitaki kujua. Bandueni, mchore lingine. Lakini hao walioondoka mtawafuata ninyi, na leo hii. Nikiwafuata mimi itakuwa operesheni nyingine."

Tukauliza nani wameondoka. Akataja majina, na la kwanza lilikuwa la baba.

Tulitembea upesi. Njia niliijua, nimeipita tangu nikiwa na kibuyu. Tuliwakuta wamepumzika kwenye kijito, mizigo chini, watoto wanachezea maji. Mama aliniona wa kwanza.

"Huyo Zaina! Njoo umsalimie kuku wetu, amesafiri kuliko mkuu wa mkoa."

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Baba aliinuka, akanishika mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele za watu. Uso wake ulikuwa wa furaha, kama wa watu siku ya Uhuru. "Nimeitazama picha yako, Zaina."

Nikaitazama mizigo iliyokuwa chini.

"Ijumaa wenzangu waliniita, wakasema Mwalimu, njoo utusomee, ni kazi ya mwanao. Nikasema sitazami. Wakasema hakuna macho ndani yake, njoo. Nikatazama. Hakuna jicho hata moja. Umeshika neno langu miaka yote hii, na mimi nilikuwa napita nimeinama." Akaikaza mikono yangu. "Kisha nikaona baraza yangu. Nikaona mkeka. Nikasema, kumbe mtoto huyu alikwenda huko aje aturudishe nyumbani. Radhi yangu nimekupa, Zaina. Nimekupa tangu Ijumaa, mbele ya wazee."

Wajukuu zangu, nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa miaka, na lilikuja limekosea mlango. Bwana Elieza alisogea pembeni, akawa anaangalia maji. Ningeweza kunyamaza, nikamwachia yeye aseme. Nilimwangalia baba, nikaona kwamba nikipokea radhi ile kwa kunyamaza nitakuwa nimeiokota njiani, sikupewa.

"Baba," nikasema, "picha ile inaanzia kushoto."

"Kushoto vipi?"

"Nyumba yetu ni mwanzo wake, si mwisho. Tulikuwa pale, tukapanda lori, tukajenga, tukawa kijijini. Haisemi turudi. Inasema tulihama."

Mtu mmoja akaketi juu ya gunia lake. Mama akamshika kuku vizuri, ingawa hakuwa amejitikisa.

"Anayeanzia kushoto ndiye aliyesoma sawa?" baba aliuliza.

"Kwa picha hii, ndiyo, baba. Kosa ni letu. Hatukuweka alama ya kuanzia."

"Ni la ofisi, mzee," Bwana Elieza akasema. "Mimi ndiye niliyelipitisha bango."

Baba alitazama njia iendayo nyumbani, kisha njia tuliyotoka. "Hapa tumefika zaidi ya nusu," alisema mwisho. "Adhuhuri inakaribia. Nitakwenda nikasali pale, kisha nitarudi. Ninyi wengine geukeni, jua lisiwakute na watoto." Hakutaja radhi.

Tulifuatana naye, mimi na Bwana Elieza. Paa lilikuwa limeshaezuliwa, ukuta mmoja umelala, na majani yalikuwa yameanza kuota jikoni. Baba alitandika shuka yake barazani, tukasali, yeye mbele na mimi nyuma. Bwana Elieza alikaa chini ya mlimau amevua kofia. Tulipomaliza, baba aliwaombea wazazi wake waliozikwa pale, akachuma malimau akajaza kofia ya Bwana Elieza bila kumuuliza, tukaondoka. Njia nzima sikumuuliza habari ya radhi. Subira nilifundishwa na yeye.

Mama na wenzake walikuwa wanatungoja kijitoni, hawakuwa wamegeuka. Tulipokuwa tunarudi pamoja, Bwana Elieza alianza kuwaza kwa sauti. "Tutaweka namba. Moja, mbili, tatu, nne."

"Namba ndiyo wanayokuja kujifunza," mama akamkata. "Utamwekea mtu asichokijua ili ajue pa kuanzia?"

"Mshale, basi."

"Mshale wa kuwindia nini?"

Bwana Elieza akacheka. "Haya, mama, nisaidie mtu wa milimani. Wewe ungejuaje pa kuanzia?"

Mama alitazama shamba tulilokuwa tunapita. "Wekeni muhindi katika kila kisanduku. Kwanza umechipua. Halafu unanifika magotini. Halafu una mbelewele. Halafu tunavunja mahindi. Hakuna mtu Handeni nzima atakayeanza kwa kuvunja."

Kanuni hiyo nimeitumia mpaka nilipostaafu, na nawaachia: kabla hujachora hadithi yako, tafuta kitu ambacho msomaji wako anakijua kinakwenda upande mmoja tu. Wanaoishi na mto, wape mto. Wafinyanzi, wape chungu kibichi kisha kilichochomwa.

Kijijini katibu alikuwa anatungoja, na watu wamekusanyika. Aliuliza nani aliyewaambia watu warudi makwao.

"Mimi ndiye niliyewasomea," baba akasema.

"Mzee, wewe unajua kusoma?"

"Najua. Ila mimi nilianzia kulia."

Kicheko kilianzia kwa wazee kikamfika katibu, na kwa kucheka kule jambo likaisha. Nashukuru hadi leo, kwani mahali pengine lisingeishia kwenye kicheko.

Tulirudi Korogwe. Bwana Elieza aliniita kando. "Lori likigeuzwa mbele na dereva akawa na uso, kazi itakuwa nyepesi. Huwezi kumwomba baba yako?"

"Naweza," nikasema. "Sitaki." Sikukataa kwa woga. Baba aliniambia kwamba nilishika neno lake, na neno lile, liwe na radhi au lisiwe nayo, lilikuwa limeshakuwa langu. Hilo ndilo jibu la swali lenu. Chora nyuso, mjukuu wangu, wewe hukuahidi mtu. Lakini chochote utakachoahidiana na wazazi wako, kibebe mpaka kikupe ufundi. Mimi kama ningekuwa na nyuso za kutegemea nisingeitazama mikono, visigino na mafundo ya kanga.

Bango jipya lilipokuwa tayari nililipeleka mwenyewe, na mama akaja kunisaidia kukoroga uji wa muhogo. Tulikuwa tumeshaanza kupaka ukuta wa stoo nilipoona watoto wa chuo cha baba wamesimama nyuma yetu na vibao vyao, na baba katikati yao. Macho hakuyainamisha. Alilitazama bango mikononi mwangu, kisanduku kimoja baada ya kingine.

"Hapo stoo watu wanasimama juani," alisema. "Ukuta wa chuo una kivuli. Libandikeni kwetu."

Ukuta ule aliukandika mwenyewe, na hakuna picha ya aina yoyote iliyowahi kuwekwa pale. Nilimtazama mama. Mama akajifanya anakoroga. Tukaenda, tukalibandika karibu na mlango, na baba akashika kona ya juu nisiyoifikia, akailaza kwa kiganja mpaka ikatulia. Watoto wakasogea, mmoja akainua kidole, akasita.

"Mwalimu, tuanzie wapi?"

"Hii ni ya Zaina," baba alimjibu. "Ya Zaina inaanzia kushoto."

Brashi ilinidondoka. Mama aliiokota, akanirudishia. "Paka, mwanangu, uji unakauka," alisema. "Utalia baadaye."